Kadi Isiyo na Mchango

Miaka kumi na mmoja nimekuwa mhazini
wa harusi za watu, hapa Chumbageni.
Daftari langu lina mistari myekundu:
jina, ahadi, alichotoa, baki.
Aliyemaliza, kadi ya dabo. Aliyetoa nusu, singo,
mkewe abaki nyumbani asikie matarumbeta kwa mbali.
Asiyefika kiwango naandika "bado", herufi nne tu,
na mtu mzima anakuwa bado mbele ya majirani zake.

Mimi ndiye niliyemwandika Sekidia "bado".
Mkata mkonge wa Pongwe, vidole vimechanwa na miiba,
alileta elfu mbili na mia tano, zimefungwa kitambaani,
zinanuka utomvu.
Nikazihesabu mara mbili, kana kwamba zingeongezeka
kwa kuniogopa.
"Kiwango ni elfu hamsini," nikamwambia.
Akasema, "Najua, mama. Nilitaka tu na mimi niwe nimetoa."

Hakupata kadi.

Na mimi je?
Masika ya mwaka juzi mwanangu alilazwa Bombo,
nikachota elfu sitini katika fedha za harusi ya watu,
nikarudisha thelathini.
Ukurasa ule niliugandisha kwa uji wa muhogo
usifunguke tena.
Tangu hapo, kila Jumapili ya Meza ya Bwana
nakaa benchi la nyuma, karibu na mlango;
wenzangu wakisimama kwenda mbele
najifanya natafuta miwani.

Ijumaa moja napanga kadi, singo huku, dabo kule,
akaingia Eunike, anayefagia kanisa.
Hana cheo. Hata kwaya walimtoa kwa sauti yake.
Alikuja kuomba chumvi.
"Na ile ya Jumapili," akauliza, "ulimchangia nani?"
"Ipi?"
"Ile ya mkate." Chumvi anayo mkononi, haondoki.
"Nikimaliza deni langu," nikasema, "nitakwenda."
Akacheka, kicheko kile kile kilichomtoa kwaya.
"Perusi, ungekuwa umemaliza, ualikwe ya nini?
Si ungekwenda dukani?"

Akaenda zake.

Sitasema niliona nuru; umeme ulikatika
na mbu walikuwa wengi. Nilichoona ni daftari.
Nikalilowesha, ukurasa ukaachia polepole,
wino umetambaa, lakini thelathini inasomeka.
Asubuhi nikaenda kwa baba wa bibi harusi yule,
nikamwambia nikiwa nimesimama.
Hakunisamehe. Alisema, lete.
Nikasema nitaleta elfu tano tano.

Jumapili nikatoka benchi la nyuma.
Njia ile ni fupi, sikujua.
Nikakinga mikono, mikono hii ya kuhesabia,
na hakuna aliyefungua daftari.
Mkate ulikuwa mwembamba, ukanata kwenye kaakaa.
Sikuwa na haraka ya kuumeza.

Kadi za harusi ni za kamati, sina mamlaka nazo.
Kwa hiyo Jumatano, kabla ya ibada ya jioni,
nikapanda bajaji hadi Pongwe na mdomo mtupu.
Nikamkuta katikati ya mistari ya mkonge,
panga mkononi, jasho limemchora mgongo.
Nikamwambia: leo meza inaandaliwa, nimekuja kukuita.
Akaniuliza kama mtu aliyezoea,
"Kiwango?"
Nikafungua mdomo, mhazini wa miaka kumi na mmoja,
nikakosa tarakimu.
"Hakuna," nikasema. "Na lile neno nililokuandika, nimelifuta.
Nilikosa."

Akatazama panga, akatazama jua.
"Ngoja basi, mama. Nimalize kwanza tita hili."

Nikaitambua sentensi ile. Ilikuwa yangu.
Sikucheka, mimi si Eunike.
Nikakaa juu ya majani, na miiba yake,
nikasubiri.